Ng'ombe wa Adelaïde Aingia Mercato

Jumatatu, tarehe 14 Agosti

Ligi ya Uingereza imeanza. Jioni hii Manchester United wanacheza na Wolverhampton. Mimi, Élie Byukusenge, mkulima wa maharagwe, prezida wa komite ya mashabiki wa Manchester hapa mlimani juu ya Masisi, niko tayari. Jezi imefuliwa. Mwaka huu ni wetu.

Mwisho wa msimu uliopita hatukuuona. Mwezi wa pili vita ilipanda mlima wetu, tukakimbilia Kibua, kule Walikale, kwa mama mkwe Godelieve. Kwa miguu, watoto mgongoni, ng'ombe nyuma. Tuliporudi nyumba haikuwa na mlango, lakini paa lilikuwepo. Sasa milima imetulia. Mtu anaweza kuwa na wasiwasi juu ya kipa badala ya risasi. Raha hiyo siwezi kuieleza.

Shida ni moja tu: Pierre Karangwa. Jirani yangu. Ananunua maziwa ya mlima mzima na kutengeneza fromaji, zile jibini za mviringo zinazopanda gari kwenda Goma. Ana pano za umeme wa jua, ana batri, ana dekoda, ana televisheni pana kama meza. Nyuma ya nyumba ya fromaji amejenga salle yenye mabenchi. Hakuna kwingine pa kuangalia mpira hapa.

Na ni mtu wa Arsenal.

Jumanne, tarehe 15 Agosti

Tulishinda. Moja bila. Tulicheza vibaya, lakini kushinda ukicheza vibaya ndiyo alama ya timu kubwa. Nilimweleza Karangwa hivyo. Akasema ni kweli.

Huwa anasema ni kweli. Ndiyo maana simuamini.

Jambo lililonichoma ni jingine. Wakati wa mapumziko Karangwa alipitisha sahani ya fromaji. Vipande vinene. Lakini sahani ilipita kwenye mabenchi ya Arsenal tu, upande wa dirisha. Nilipogeuka, benchi la Manchester lilikuwa limebaki na mimi na Tumukunde. Wengine wote walikuwa wamehamia ng'ambo, midomo imejaa. Na Arsenal hata hawakuwa wanacheza jana!

Huo ni mercato, soko la kuhamisha wachezaji. Ananunua watu wangu hadharani.

Tumukunde ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, na ndiye sekretere wa komite. Nilimpongeza kwa uaminifu wake. Akanijibu kwamba fromaji inamsumbua tumbo.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti

Nimepata jibu. Karangwa ana fromaji, mimi nina maharagwe. Jumamosi tunacheza na Tottenham. Wakati wa mapumziko komite itagawa maharagwe ya moto, na mafuta ya mawese, na chumvi. Kwa wanachama tu.

Nilimweleza mke wangu Adelaïde. Akauliza nani atapika. Nikasema komite. Akauliza ni nani katika komite atakwenda kutafuta kuni. Nikasema hayo ni mambo ya sekretere. Akarudi kwenye kukamua ng'ombe wake.

Ng'ombe wake anaitwa Bihogo. Ni wake kweli, si wetu. Mama Godelieve alimpa siku tulipozaa Astrid, binti yetu wa kwanza. Kila asubuhi Adelaïde anampandishia Karangwa bidon, dumu la maziwa. Yaani fromaji inayoniibia watu inatoka zizini mwangu. Nimeliona hilo leo tu. Nimekaa kwenye jiwe muda mrefu.

Jumapili, tarehe 20 Agosti

Sitaki kuandika juu ya jana. Naandika kwa sababu shajara ni shajara.

Nilipika mwenyewe. Kuni zilikuwa mbichi, maharagwe yakabaki magumu, na mapumziko hayamsubiri mtu. Niliyagawa hivyo hivyo. Walikuja wengi, hata wale waliohama. Nilifurahi sana. Benchi la Manchester lilijaa kuliko la Arsenal.

Kipindi cha pili maharagwe yakaanza kazi yake tumboni. Salle imejengwa kwa mbao na mabati, mlango mmoja, dirisha moja, na dirisha liko upande wa Arsenal. Mmoja alihama, halafu wa pili, halafu benchi zima. Hata Tumukunde. Nilibaki peke yangu na sufuria. Tottenham wakafunga. Wakafunga tena. Mbili bila.

Karangwa alisimama tu, akafungua dirisha lote.

Leo kanisani alinishika mkono akanipa pole. Nimeamua: sitakanyaga tena salle yake. Heshima ni heshima.

Jumamosi, tarehe 26 Agosti

Siku ya ajabu. Niiandike kwa utaratibu.

Leo Manchester walicheza na Nottingham Forest. Kwa kuwa nimesusa salle, nilikopa simu ya Tumukunde nikapanda mpaka pale juu kwenye malisho ambapo rezo ya simu inafika. Upepo mkali. Unasimama kwenye kilima kidogo, unainua mkono, matokeo yanaingia. Ukishusha mkono, yanapotea.

Mechi ikaanza. Nikainua mkono: Forest moja. Nikadhani ni upepo. Nikainua tena: Forest mbili. Hata jasho la kupanda lilikuwa halijakauka.

Nikazima simu. Nikashuka. Njiani kila aliyeniuliza nilimwambia tumeangamizwa. Wengine wakauliza ngapi. Nikasema wasiniulize hesabu. Mbele ya kibanda cha Fifi, anayeuza sabuni na chumvi, nilitangaza kwamba komite imevunjwa na mimi si prezida tena. Nikafika nyumbani nikamwambia Adelaïde nina malaria. Nikalala na blanketi mpaka puani.

Jua lilikuwa bado halijazama Tumukunde alipokuja kuchukua simu yake. Alikuwa ametoka kuangalia mpira kwa Karangwa. Msaliti. Akaniambia tumeshinda, tatu kwa mbili.

Nikaamka. Malaria ikaisha palepale. Nikaomba chakula. Adelaïde aliniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniangalia nikila, hakuniuliza juu ya homa.

Na Arsenal? Saa ileile, uwanjani kwao, wametoka sare na Fulham. Mbili mbili. Kuna Mungu.

Somo la leo, nimelipigia mstari ili nisisahau: USIONDOKE KABLA YA FILIMBI YA MWISHO.

Jumapili, tarehe 27 Agosti

Nimefanya jambo.

Tulikuwa tumetoka ibadani, watu wamesimama nje wakisalimiana. Komite yangu yote ilikuwepo. Nilikuwa nimeirudisha asubuhi. Nikamwendea Karangwa, nikampa pole ya Fulham kwa sauti ya kusikika. Akasema asante. Nikamwambia Jumapili ijayo Manchester wanakuja kwake Arsenal, na tutawazika uwanjani kwao. Akasema labda.

Labda! Kama angebisha ningenyamaza. Lakini labda?

Nikasema ninaweka ng'ombe kama dau.

Watu wakacheka. Karangwa naye akacheka, akauliza ng'ombe gani. Nikasema Bihogo. Kicheko chake kikakatika. Aliniangalia vizuri, akaona sifanyi mchezo. Akanishika bega, akasema polepole, ili wengine wasisikie:

"Kaka Élie, wacha mambo ya ng'ombe. Tuweke kuku."

Mimi, prezida, kuku! Nikakataa kwa sauti. Nikauliza kama mtu wa Arsenal anaogopa. Watu wakaanza kumwangalia yeye. Hapo hakuwa na njia. Akasema basi, anaweka mtamba wake mweupe, yule ambaye hajazaa bado. Tukashikana mikono mbele ya kanisa.

Wakati huo Adelaïde alikuwa ndani na akina mama, wanapanga wimbo wa Jumapili ijayo. Hakusikia. Nina hakika hakusikia.

Jumatatu, tarehe 28 Agosti

Nimewaza sana. Hatari ni maziwa. Kila asubuhi Adelaïde anapanda kwa Karangwa, na maziwa anayapokea Emérita, mke wa Karangwa. Hao wawili wakikutana wanaongea mpaka jua linakuwa kali. Kwa hiyo wasikutane.

Asubuhi nilimwambia Adelaïde apumzike wiki hii, bidon nitaibeba mimi. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Nikasema mume mwema anamsaidia mke wake. Akasema sawa, akanipa bidon.

Sikujua njia ile ina utelezi hivyo. Miaka yote mke wangu anaipanda na mimi sijawahi kuuliza. Nilianguka kabla ya kona, maziwa mengi yakaenda kwenye nyasi. Emérita akapima kilichobaki, akaangalia matope kwenye suruali yangu.

Nilimwomba, kwa upole, asimwambie Adelaïde jambo lolote juu ya Jumapili. Akasema hana la kumwambia. Nimerudi nimetulia.

Jumatano, tarehe 30 Agosti

Leo nilimchunga Bihogo mwenyewe. Nilitaka tuongee.

Tulipokimbia mwezi wa pili, yeye ndiye aliyetulisha. Tulipofika Ntoto, njiani, mvua ilikuwa imetupiga, watu wamelala kwenye shule. Kulikuwa na mama mmoja ambaye maziwa yake yalikuwa yamekauka kwa woga, mtoto analia bila nguvu. Adelaïde alimkamua Bihogo pale pale gizani, akampa yule mama kikombe kizima, kisha watoto wetu wakagawana kilichobaki. Mimi nilikuwa nimebeba godoro. Bihogo aliendelea kutembea nyuma ya Adelaïde mpaka Kibua, hakuvutwa kamba hata mara moja.

Leo nilimweleza Bihogo habari za ulinzi wa Manchester, kwamba kuna majeruhi lakini wapo wa kuziba nafasi. Aliendelea kula.

Nikaona siwezi. Nikamwacha kwenye nyasi, nikapanda kwa Karangwa kumwambia nakubali kuku. Hata kuku wawili. Niliyapanga maneno njia nzima.

Nikakuta mabenchi mawili ya watu wa Arsenal uani kwake, wanaimba. Karangwa akasimama, akaniuliza kwa heshima nimekuja kwa ajili gani. Nafikiri alijua. Nafikiri alikuwa anangoja niseme.

Nikasema nimekuja kumkagua mtamba, nione kama ana afya, maana Jumapili anahama. Nikaingia zizini, nikamfungua mdomo, nikahesabu meno. Nikasema atafaa.

Nimeshuka, maneno ya kuku bado mdomoni.

Ijumaa, tarehe 1 Septemba

Adelaïde anaimba. Asubuhi anaimba, jioni anaimba. Jana aliniongezea sombe bila kuomba. Leo ameshona mahali jezi yangu ilipochanika begani.

Nilimuuliza kama kuna habari. Akasema hakuna habari.

Nampenda akinikasirikia, maana hapo najua tuko wapi. Huku sijui.

Jumatatu, tarehe 4 Septemba

Naandika asubuhi, baada ya kazi. Kazi gani, nitasema.

Jana salle ilijaa mpaka mlangoni. Watu walikuwa wamekaa hata kwenye ndoo za fromaji. Nilivaa jezi yenye mshono wa Adelaïde. Yeye alibaki nyumbani, alisema ana kazi zake. Karangwa aliniwekea kiti karibu na televisheni, mbele ya wote, kama mgeni. Sikujua kama ni heshima au ni kitu kingine.

Tukafunga sisi kwanza. Nilimkumbatia Tumukunde, nikamwinua juu. Nilikuwa bado sijamshusha Arsenal waliposawazisha. Basi ikawa hivyo, moja moja, muda mrefu. Kila mpira ulipokwenda upande wetu nilimwona Bihogo. Nilisali. Niliahidi mambo mengi, mengine siwezi kuyaandika maana Mungu anaweza kuja kuyadai.

Halafu, mechi ikiwa inaisha, kijana wetu mmoja akapenya, akabaki yeye na kipa. Akapiga. Mpira wavuni!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko nje. Sikutaka kubaki kuangalia sura zao, nilitaka mtamba wangu. Nikakimbia zizini, nikamfungua, nikavua jezi nikamfunga shingoni, nikashuka naye njia kubwa ya kijiji. Kifua wazi. Naimba. Mbele ya kibanda cha Fifi nilisimama nikamwambia kwamba huyu ni wa kwanza tu, msimu ndio unaanza. Fifi akaniambia mtamba ana kwato nzuri.

Nyuma kule juu nikasikia kelele kubwa kutoka salle. Nikajua filimbi imepigwa, komite yangu inashangilia. Nikainua mkono kuwaitikia. Nikatembea kidogo, kelele ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Nikawaza: kumbe watu wananipenda hivi.

Tumukunde akanifikia kwa pikipiki. Alikuwa ameizima, anateremka tu kwa mteremko, kimya. Hakutaka kuniangalia. Akasema arbitre, mwamuzi, ameonyeshwa tukio kwenye televisheni yao. Kijana wetu alikuwa hors-jeu, alikuwa amewapita walinzi kabla ya pasi. Goli limefutwa.

Nikauliza, kwa hiyo ni moja moja?

Akamwangalia mtamba. Akasema zile kelele mbili nilizosikia ni magoli mawili ya Arsenal, baada ya muda wa kawaida kwisha. Tatu kwa moja.

Kumrudisha mtamba ilikuwa kazi. Alikuwa ameipenda njia ya kushuka. Nikamvuta, akakaza miguu, na watu wote wa salle wanateremka wakati mimi ninapanda. Hakuna aliyenitukana. Walisogea pembeni kunipisha, kama mtu anayerudi makaburini.

Karangwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Alipokea kamba. Akafungua jezi yangu shingoni mwa mtamba, akaikunja vizuri, akanipa. Hakucheka. Ningefurahi angecheka.

Ndipo nikamwona Adelaïde. Alikuwa uani, karibu na Emérita, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Bihogo. Alikuwa amemleta mwenyewe, kwa ile njia ya maziwa.

Nilikuwa sijavaa hata jezi.

"Papa Astrid," akasema, "nilijua tangu siku ile ya kanisa. Nilingoja weye mwenyewe uniambie. Juma yote nilingoja."

Nikasema nilitaka kumwambia.

"Hii ng'ombe ilitembea na watoto wangu mpaka Kibua. Vita ilishindwa kuninyanganya. Halafu weye, bwana yangu, unaiweka juu ya mpira."

Hakupaza sauti. Alikuwa anatetemeka kidogo, na kamba ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Nimeishi naye miaka mingi, nimemwona akikimbia, akizika, akijenga mlango upya kwa mbao za masanduku. Sijawahi kumwona akitetemeka. Nikatazama chini. Hapakuwa na mpango wowote kichwani mwangu. Kitupu kabisa. Nikasema nisamehe, Mama Astrid. Nilisema mara moja tu, na kila mtu alisikia.

Alimgeukia Karangwa, akamwambia ng'ombe huyu hapa, kama neno ni neno. Karangwa akavua kofia. Akasema yeye alimshika mkono Élie, na Élie hana ng'ombe, kwa hiyo hawezi kuchukua ng'ombe. Anaweza kumchukua Élie.

Nikadhani ni mzaha. Emérita akaingia ndani, akatoka na jezi ya Arsenal. Imefuliwa, imepigwa pasi, saizi yangu. Kumbe walikuwa wameshapatana, wao watatu, tangu katikati ya juma. Mpaka Noeli, bidon ya maziwa ya Adelaïde nitaibeba mimi, kila asubuhi, nikiwa nimevaa jezi hiyo. Na si ya Adelaïde tu. Hata ya mama mjane Mukandayisenga, anayeishi chini kabisa, ambaye mguu wake hauponi.

Watu wakapiga makofi. Wa Arsenal na wa Manchester pamoja. Niliona Tumukunde naye anapiga.

Nilimuuliza Adelaïde jambo moja tu. Na kama Manchester wangeshinda?

"Ungebeba vilevile," akasema. "Lakini na jezi yako."

Tulishuka pamoja. Bihogo alitembea nyuma yake, mimi nyuma ya Bihogo. Nyumbani alimkamua, akanipa kikombe cha kwanza, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza. Sijui kama nimesamehewa. Lakini maziwa yalikuwa ya moto.

Asubuhi hii nimebeba bidon mbili. Hiyo ndiyo kazi niliyosema.

Alhamisi, tarehe 7 Septemba

Mabega yanauma. Njia ile ina mawe ambayo sasa nayajua moja moja. Mama Mukandayisenga ananiita "kijana wa Arsenal" na kuniombea baraka. Sijamsahihisha. Amezeeka.

Leo njiani nilikutana na Habineza, direkta mpya wa shule ya msingi. Mtu mwenye miwani na maneno machache. Alipoona jezi yangu akanisimamisha, akaniambia yeye ni mtu wa Bayern Munich. Akaniuliza nimeonaje kura ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Nikamwambia jezi si yangu, ni adhabu, mimi ni Manchester damu. Akatabasamu. Akasema basi tutakutana tarehe ishirini, kule Munich.

Kwa hiyo nimelichunguza lile kundi letu, nimekaa kwenye bidon. Bayern, Galatasaray, Copenhagen. Kusema kweli ni kundi jepesi. Galatasaray ni kelele tu. Copenhagen sijui hata wako wapi. Na Bayern wamezeeka. Timu iliyoshinda miaka mingi hivyo lazima ichoke, ni jambo la mwili tu. Tutamaliza wa kwanza, na pengine bila kufungwa.

Nilimweleza Habineza hivyo. Akasema labda.

Labda!

Nilimuuliza, kwa kawaida tu, kama anafuga. Akasema ana kondoo dume mmoja, mnono, alimleta kutoka kwao.

Sikutaja dau lolote. Nimebadilika, kila mtu anaona. Mambo ya ng'ombe nimeacha kabisa, na mbele ya Mungu sitayarudia.

Lakini sungura wa Adelaïde wamezaa juma hili, wamejaa sandukuni hata hawawezi kugeuka. Ni wengi mno kwa mtu mmoja kuwakumbuka. Na sungura si ng'ombe.